Maziwa Huanzia Kwenye Mizizi

Mada ya Kamati ya Fedha katika Mkutano Mkuu wa Mwaka na Harambee ya Maendeleo ya Nyumbani



Mmezoea kutuona sisi wa Kamati ya Fedha tukisimama hapa na taarifa ya mapato na matumizi. Taarifa hiyo ipo ndani ya kijitabu hiki, na maswali yake tutayajibu baadaye. Kwa sasa tunaomba mtuvumilie tuzungumzie hesabu nyingine, ambayo haimo katika vitabu vya chama ingawa kila mmoja wetu anailipia. Ni hesabu ya chakula cha ng'ombe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuangalie basi mali inayopotea. Kule kwetu mlimani ng'ombe hatoki bandani. Majani humfuata. Yanakatwa kihambani, kwenye kingo za mifereji, au yananunuliwa tambarare na kupandishwa kwa gari, na mara nyingi kilomita ya mwisho hubebwa kichwani na mama. Kiangazi kikikaza, kinachopanda mlima ni mabua ya mahindi. Hapo simu zetu huanza kulia: tuma ya majani, tuma ya pumba, tuma ya mashudu. Tunatuma. Ng'ombe anakula, lita zinabaki zilezile, na mwezi unaofuata simu inalia tena.

Mwisho wa njia hiyo tunaujua. Mzee akichoka, au mama akibaki peke yake na wajukuu, ng'ombe anauzwa. Ng'ombe akiondoka, samadi imeondoka. Samadi ikiondoka, mgomba hupungua mkungu na kahawa hukosa nguvu. Kihamba kilicholisha vizazi kinageuka kuwa kiwanja cha nyumba tu. Kwa hiyo tunapozungumzia majani ya ng'ombe, tunazungumzia kama kihamba kitaendelea kuwa shamba au la.

Mbele ya mkutano huu kuna pendekezo la kununua tangi la kupozea maziwa. Ni pendekezo zuri na hatulipingi. Tunaomba tu tuanze na kilicho chini ya tangi hilo, na tutaeleza kwa nini.

Kipimo cha majani

Wengi wetu tumekua tukipima chakula cha ng'ombe kwa mzigo: mzigo mmoja asubuhi, mwingine jioni. Mzigo unajaza tumbo. Maziwa, pamoja na maji, nguvu na madini, yanahitaji protini, na mzigo haukuambii una protini kiasi gani.

Wataalamu wa lishe ya mifugo hupima protini ya majani kwa njia ambayo mhasibu yeyote angeipenda. Wanapima naitrojeni iliyomo, kisha wanazidisha kwa 6.25. Hiyo ndiyo protini. Ina maana kwamba swali la protini, kwa msingi wake, ni swali la naitrojeni: jani limeipata wapi, na kiasi gani.

Majani makavu yakiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, ng'ombe huanza kula kidogo hata kama hori limejaa. Sababu ni kwamba ng'ombe hasagi majani peke yake. Katika tumbo lake kubwa la kwanza wamo vijidudu wengi mno wanaoyachachua, na vijidudu hao nao wanahitaji naitrojeni ili wafanye kazi. Wakiikosa, majani hukaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe anasimama ameshiba huku ana njaa.

Mabua ya mahindi yana protini ya asilimia 3 hadi 5. Mabingobingo yakikatwa machanga huwa na asilimia 8 hivi au zaidi. Yakiachwa yakomae na kuwa magumu hushuka. Desmodiamu, kaliandra, lusina, ngwara na jamaa zake katika mikunde kwa kawaida huwa na asilimia 15 na kuendelea. Kwa nini mikunde izidi nyasi kiasi hicho, ilhali imeota udongo mmoja na kunyeshewa mvua moja?

Vibarua walio chini ya ardhi

Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78. Ipo juu ya kila kihamba, bure, na nyasi haiwezi kuitumia hata chembe. Mgomba hauwezi, hindi haliwezi, na sisi hatuwezi. Imefungwa kwa namna ambayo mimea haina ufunguo wake.

Wenye ufunguo ni bakteria fulani wa udongoni waitwao rizobia. Mkunde unapoota, mizizi yake hutoa kemikali zinazowaita bakteria hawa. Wanaingia kwenye mzizi, na mmea unawajengea vyumba vidogo vya mviringo tunavyoviita vinundu. Humo ndani wanaichukua naitrojeni ya hewa na kuigeuza kuwa chakula ambacho mmea unaweza kukitumia kutengeneza protini. Wao nao hulipwa: mmea huwapelekea sukari uliyoitengeneza kwa jua. Hakuna anayefanya kazi bure. Ni ajira halali, mshahara kwa kazi.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walionyesha kwamba mikunde hupata naitrojeni ya hewa kwa msaada wa vinundu hivi. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafaulu kuwatenga bakteria wenyewe. Bibi zetu hawakusoma maandishi hayo, lakini walijua kuchanganya maharage na mahindi na kupanda kunde kwenye shamba lililochoka. Waliona matokeo. Sisi tumepewa bahati ya kujua na sababu.

Hapa ndipo penye neno letu kubwa la leo: ubora wa majani ya mikunde hautokani na jina la mmea peke yake. Unategemea kama bakteria wa mizizini wanafanya kazi. Unaweza kununua mbegu ghali, ukapanda, ikaota, na ukavuna majani ya njano yasiyozidi nyasi kwa thamani.

Namna ya kukagua

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wiki sita hadi nane baada ya kupanda, chimba mche mmoja kwa jembe au rato, usiung'oe kwa mkono, maana vinundu hukatika na kubaki ardhini. Osha mizizi polepole kwenye ndoo ya maji. Utaviona vinundu. Kata vichache kwa ukucha au wembe na utazame ndani.

Kikiwa chekundu au cha waridi, bakteria wako kazini. Rangi hiyo hutoka kwenye kitu kinachofanana na kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu, na kazi yake ni kudhibiti hewa ya oksijeni ndani ya kinundu. Kikiwa cheupe au cha kijani, ama bado ni kichanga, ama kimezeeka, ama waliomo wanakula sukari ya mmea bila kuleta kitu. Ikiwa hakuna vinundu kabisa, mmea huo unakula naitrojeni ya udongo kama nyasi nyingine.

Ukaguzi huu hauhitaji maabara wala shahada. Mtoto wa shule anaweza kuufanya. Mwezi wa Desemba tutakapopanda wote kwenda nyumbani, kila mmoja anaweza kukagua mche mmoja wa maharage kihambani kwao kabla nyama haijaiva.

Kwa nini vinundu hushindwa

Sababu kubwa ni nne, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni bakteria wasiofaa au wasiokuwepo. Mikunde haifanani katika uchaguzi. Ngwara, kunde na kwa kiasi kikubwa desmodiamu hupokea bakteria wengi ambao tayari wapo kwenye udongo wa nchi zetu za joto. Lusina, yale majani mafupi yenye maua ya zambarau, ni mchaguzi sana: anataka rizobia wake mahususi, na mahali ambapo hajawahi kupandwa kwa kawaida hawapo. Mti wa lukina nao una uchaguzi wake. Soya vivyo hivyo. Kwa mimea kama hiyo mbegu hupakwa bakteria kabla ya kupandwa. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kilipata kutengeneza chanjo ya namna hiyo kwa ajili ya soya, ikaitwa Nitrosua. Kenya wanayo Biofix, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini pakiti iandikwe mmea unaoupanda, kwa sababu bakteria wa soya hawatamsaidia lusina.

Tena tukumbuke kwamba pakiti hiyo ina viumbe hai. Ikiachwa kwenye dirisha la gari juani kutoka mjini mpaka mlimani, tutakuwa tumenunua unga mweusi. Ihifadhiwe mahali pa baridi, itazamwe tarehe ya kuisha muda, mbegu zichanganywe kivulini kwa maji yenye sukari kidogo ili bakteria wanate, na zipandwe siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu. Zisichanganywe na mbolea ya chumvichumvi wala dawa ya ukungu.

Ya pili ni uchachu wa udongo. Udongo ukiwa na tindikali nyingi, bakteria wengi hudhoofika na mzizi hushindwa kujenga vinundu. Lusina huathirika mapema zaidi kuliko desmodiamu. Dawa ni chokaa ya kilimo, kwa kiasi kinachotokana na kipimo, si kwa kukisia.

Ya tatu ni fosforasi. Kazi ya kufungua naitrojeni ya hewa inakula nguvu nyingi, na nguvu hiyo ndani ya mmea hupita kwenye fosforasi. Udongo wetu wa volkano unasifiwa kwa rutuba, lakini udongo wa aina hii una tabia ya kuishikilia fosforasi isiachiwe mmea. Nchi yetu ina mwamba wa fosfeti pale Minjingu, mkoani Manyara, na mbolea yake hufanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali. Samadi iliyooza vizuri nayo husaidia.

Ya nne ni wema uliozidi. Ukimwagia mkunde yurea nyingi, mmea hauoni sababu ya kuwalipa bakteria sukari. Hupunguza vinundu. Umelipia dukani kitu ambacho ungepewa na hewa.

Liko pia suala la ukataji. Kila unapokata majani, mshahara wa sukari unakatika na kazi ya vinundu inashuka, mpaka machipukizi mapya yaanze kupeleka sukari tena. Desmodiamu inayokatwa hadi usawa wa ardhi, na kurudiwa kabla haijapumzika, hufa kidogo kidogo. Acheni kisiki chenye majani kadhaa, na mwipe muda wa kurudi.

Hesabu ya ng'ombe mmoja

Sasa turudi kwenye fani yetu. Chukua ng'ombe wa kilo 400 anayetoa lita 10 kwa siku. Anahitaji protini ya gramu 1,200 hivi kila siku, kwa kujitunza mwenyewe na kwa maziwa. Tuseme anakula kilo 12 za chakula kwa uzito wa majani makavu.

Akila mabua matupu yenye asilimia 4, anapata gramu 480. Akila mabingobingo matupu yenye asilimia 8, anapata gramu 960. Akila kilo 8 za mabingobingo na kilo 4 za desmodiamu yenye asilimia 16, anapata gramu 640 kutoka kila upande, jumla gramu 1,280. Deni limelipwa. Na kiangazi, akila kilo 8 za mabua na kilo 4 za desmodiamu, anapata gramu 960, mara mbili kamili ya mabua matupu.

Lakini desmodiamu ileile ikiwa vinundu vyake ni vyeupe, tukadirie protini yake imeshuka hadi asilimia 10, kilo 4 zitaleta gramu 400 badala ya 640. Mzigo uliobebwa ni uleule, mama aliyeubeba ni yuleyule, shamba ni lilelile. Gramu 240 zimepotea chini ya ardhi, mahali ambapo hakuna aliyeangalia.

Tuendelee. Kilo 4 kwa siku ni kilo 1,460 kwa mwaka. Kwa asilimia 16, hizo ni kilo 234 za protini. Tukigawanya kwa 6.25 tunapata kilo 37 za naitrojeni, na bakteria wakifanya kazi vizuri sehemu kubwa yake hutoka hewani. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa hiyo ng'ombe mmoja, kupitia mkunde wake, anaweza kuingiza kihambani naitrojeni inayozidi mfuko mmoja na nusu wa yurea. Kila mmoja aweke hapo bei ya mfuko kijijini kwake, kisha aongeze bei ya mashudu ambayo hayatanunuliwa.

Na naitrojeni hiyo haiishii kwenye maziwa. Lita 10 za maziwa zina protini ya gramu 320 hivi, ambayo ni robo ya zile gramu 1,280 zilizoliwa. Robo tatu zinatoka kwa njia ya samadi na mkojo. Mkojo ukiachwa utiririke na kukauka juani, naitrojeni inarudi hewani ilikotoka. Ukinyonywa na majani makavu ya migomba yaliyotandikwa bandani, na lundo la samadi likafunikwa, inakwenda kwenye mgomba na kahawa. Hapo ndipo kihamba kinapopona.

Ardhi itoke wapi

Hatutaki kuwauzia ndoto. Kwa mavuno ya tani 5 za majani makavu kwa hekta kwa mwaka, kilo 1,460 zinahitaji robo tatu ya eka hivi. Vihamba vyetu vimegawanywa kwa watoto na wajukuu, na wengi hawana robo tatu ya eka ya kutoa kwa ng'ombe. Kwa hiyo tunapendekeza nafasi nne, kila moja ikitoa sehemu yake.

Nafasi ya kwanza ni kingo za matuta na chini ya migomba, ambako desmodiamu huvumilia kivuli cha kiasi na hushika udongo usichukuliwe na mvua za masika.

Ya pili ni mipaka. Kaliandra hupandwa kama ua. Utafiti uliofanywa Embu, Kenya, miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kuchukua nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na kwamba miti 500 hivi inatosha kutoa kilo 6 kwa siku. Kwa nafasi ya nusu mita, miti 500 ni ua wa mita 250. Alishwe yakiwa mabichi, asubuhi yalipokatwa.

Ya tatu ni mashamba ya tambarare. Ngwara tunaijua. Ikipandwa katikati ya mahindi, baada ya mavuno gari litapandisha mlimani mabua pamoja na majani ya ngwara. Nauli ni ileile, lakini mzigo una protini.

Ya nne inatuhusu sisi tulio humu ukumbini. Vipo vihamba vyenye geti zuri, vinafunguliwa wiki mbili kwa mwaka, na ndani yake nyasi pori zinafyekwa kwa kibarua. Tunaomba wenye vihamba hivyo waruhusu kwa maandishi kingo na mipaka ipandwe malisho ya jirani au ndugu anayefuga. Ardhi inabaki yako. Migomba yako inapata naitrojeni. Atakayekata majani anakutunzia mpaka. Hilo halihitaji fedha, linahitaji saini.

Tahadhari mbili kwa wafugaji. Lusina mbichi yenye umande inaweza kumvimbisha ng'ombe tumbo. Inyaushwe kwanza na ichanganywe na majani makavu. Na lukina isizidi theluthi ya chakula, kwa sababu ina sumu ambayo ng'ombe asiyeizoea hushindwa kuimaliza.

Tunachoomba mkutano uamue

Tangi la kupozea maziwa hufaa pale maziwa yanapozidi mahitaji ya nyumbani na soko la jirani. Ng'ombe anayeishi kwa mabua hana ziada. Tukinunua tangi mwaka huu, tutalipia umeme, mtunzaji na vipuri ili kupoza lita chache. Tukianza na malisho, tangi litakapofika litakuta maziwa yanalisubiri. Kwa hiyo tunapendekeza michango ya mwaka huu iende kwenye mambo matano.

Moja, kupima udongo wa vitongoji vyote, sampuli zipelekwe kwenye maabara inayotambulika, kama ile ya TARI Mlingano, Tanga. Hatutanunua chokaa wala mbolea kabla majibu hayajarudi.

Mbili, vitalu viwili vya desmodiamu na kaliandra, cha juu na cha chini, vikisimamiwa na akina mama wanaofuga. Wao ndio wanaobeba mizigo, basi ufunguo wa kitalu ukae kwao.

Tatu, mbegu pamoja na bakteria wa kupaka kwa mimea inayowahitaji, na mafunzo ya siku moja kwa kila kitongoji yakiongozwa na afisa mifugo na afisa ugani wetu.

Nne, mtaji wa kuzungusha. Nyumbani tunaifahamu kanuni ya kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Tuifanye kopa mbegu, lipa mbegu. Desmodiamu huota hata kwa vipande vya shina. Kaya inayopokea vipande mwaka huu itoe idadi hiyohiyo kwa kaya mbili mwaka ujao.

Tano, daftari. Kila kaya iandike lita za kila siku na kiasi cha pumba na mashudu kilichonunuliwa, tangu kabla ya kuanza. Baada ya miezi miwili tangu kupanda, ichimbwe miche kumi kwa kila kaya, na iandikwe ni mingapi yenye vinundu vyekundu.

Tunajua kuna waliokwisha kuona miradi ikianza kwa ngoma na kuishia kwa kimya. Ndiyo maana tunaomba fedha zitoke kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza ni vipimo na vitalu. Awamu ya pili itatoka baada ya majibu ya udongo kusomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Awamu ya tatu itatoka baada ya ukaguzi wa vinundu. Kama miche saba kati ya kumi haina wekundu, tunasimama, tunatafuta sababu kati ya zile nne, na hatutoi shilingi nyingine mpaka ipatikane. Vitabu vitakuwa wazi kwa mwanachama yeyote atakayeomba kuviona.

Ndugu zetu, mahitaji ya nyumbani ni mengi na hatuwezi kuyamaliza kwa mkutano mmoja. Hili tumelichagua kwa sababu linapunguza kuomba. Mama ambaye ng'ombe wake anakula protini iliyotoka hewani juu ya kihamba chake mwenyewe hatapiga simu ya mashudu kila mwezi. Atapiga simu kutujulia hali.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Ina sehemu mbili: ya fedha, na ya ruhusa ya kupanda kwenye kihamba chako. Tunaomba kila mmoja ajaze angalau moja. Wanaoweza kujaza zote mbili, Mungu awazidishie.